Gari Yako Imezeeka, Haijaomba Uji

Kuna sentensi utaisikia karibu kila gereji ukipeleka gari iliyopita kilomita 150,000. Fundi anafungua boneti, anachungulia deshibodi, anatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya, halafu anakuambia: "Hii imetembea, boss. Wachana na oili nyepesi. Iwekee ishirini-hamsini." Na wewe, kwa sababu hujui, na kwa sababu hiyo ishirini-hamsini ndiyo ya bei rahisi kwa rafu, unasema sawa.

Leo napigana na hiyo sentensi. Sipigani na mafundi. Wengi wao ndio wanafanya hii nchi itembee, na kuna fundi mmoja Kirinyaga Road ambaye akiniambia niuze figo ninunue gasketi nitamsikiza. Napigana na sentensi yenyewe, kwa sababu wasee wa umri wetu ndio inawaumiza. Sisi ndio tunanunua Vitz ya mkono wa tatu. Sisi ndio tunachukua Probox kwa mkopo tukiomba ijilipe, au Demio ya kuweka kwa Uber na Bolt. Na injini ikifa, mkopo haufi. Unabaki unalipia gari iliyosimama juu ya mawe.

Kwa wageni: mimi si mhandisi. Niliacha chuo mwaka wa pili, na hata sikuwa nasomea magari. Ninachofanya hapa ni kusoma kilichoandikwa kwa mtungi wa oili na kwa kijitabu cha gari, kitu yeyote anayejua kusoma anaweza kufanya. Ukitaka kunipinga, karibu sana. Kuja na kijitabu mkononi.

Tuanze na namba, kwa sababu wengi huzitamka tu kama namba za matatu. Kwa 5W-30, hiyo W ni ya winter, baridi. Namba iliyo mbele yake inasema oili inatiririka vipi ikiwa baridi. Ikiwa ndogo, inatiririka rahisi. Namba ya mwisho inasema oili ina unene gani ikishapata moto, ikipimwa kwa nyuzi 100. Basi. Hakuna namba ya umri hapo. Hakuna namba ya kilomita.

Halafu kuna kitu watu huelewa kinyume. Wanadhani 5W-30 ni maji ikiwa baridi halafu inanenepa ikipata moto. Hapana. Kila oili duniani huwa nyepesi ikipata moto, kama vile Kimbo kwa sufuria. Asubuhi hiyo 5W-30 yako ni nzito mara nyingi kuliko itakavyokuwa ukishafika Thika Road. Ni kwamba 20W-50 asubuhi ni nzito zaidi tena. Chukua karatasi za watengenezaji, wengi huziweka mtandaoni, uangalie kipimo cha nyuzi 40: 20W-50 ya kawaida ni nzito zaidi ya mara mbili ya 5W-30. Na sasa fikiria si nyuzi 40, ni saa kumi na moja alfajiri Limuru mwezi wa saba, nyuzi 10 kama una bahati.

Najua mtu ashaandika: "Bro, hii ni Kenya, si Hokkaido, oili haitaganda." Kweli. Haitaganda. Injini itawaka, na haitakufa siku hiyo. Lakini injini yako usiku kucha imekuwa kavu juu, oili yote imeteremka kwa sampu. Ukiwasha, kuna muda mfupi ambapo vyuma vinasuguana vikingoja oili ifike. Uji unachelewa kufika. Ile presha kubwa unayoona kwa geji na kufurahia ni sawa na mtu anayesukuma uji kwa mrija: anatumia nguvu nyingi, kinachofika ni kidogo. Presha si mtiririko. Na hiyo nguvu ya kusukuma inatoka kwa petroli yako, ambayo wewe mwenyewe unalalamikia kila tarehe kumi na nne EPRA wakitangaza bei.

Injini zetu pia hazikutengenezwa kwa uji. Chukua ile 1NZ ya Toyota, yenye iko kwa Probox, Fielder, Axio, na Vitz kadhaa. Sentimita 1,500 za ujazo, oili lita 3.7 ukibadilisha pamoja na filta. Ina VVT-i. Hiyo VVT-i inageuza muda wa valvu kwa kutumia presha ya oili, oili inapita kwa valvu ndogo iliyo na chujio dogo kuliko kidole chako. Oili yako si ya kulainisha tu, ni mfanyakazi. Ukiweka kitu kizito na kichafu, hilo chujio ni kati ya mahali pa kwanza pa kuziba. Halafu gari inakosa nguvu, taa ya injini inawaka, unauziwa plagi, unauziwa koili, unauziwa sensa, na shida ni oili.

Sasa niwe mkweli, kwa sababu kuna mtu atanitumia picha akidhani amenimaliza. Kuna vijitabu vya magari ya nchi za joto, hasa vya zamani, ambavyo jedwali lake linafika hadi 20W-50. Ni kweli, vipo. Kama kijitabu cha gari yako kinaruhusu, hujavunja sheria yoyote. Lakini angalia vizuri hilo jedwali linauliza nini. Linauliza hali ya hewa ya mahali uliko. Halikuulizi gari ina miaka mingapi. Halikuulizi kilomita. Hakuna mstari unaosema "ikipita 150,000 ongeza unene." Huo mstari uliandikwa gereji.

Na sidhani uliandikwa kwa ubaya. Fundi aliyemfundisha fundi aliyemfundisha fundi wako alikuwa anashughulikia Peugeot 504 na Datsun na Land Rover. Injini za kabureta, nafasi kubwa kati ya vyuma, oili za enzi hizo zenye zilikuwa zinachoka haraka kwa joto. Kwa hizo, oili nzito ilikuwa jibu la maana. Wale wazee hawakukosea. Shida ni kwamba 504 ilienda, sentensi ikabaki, ikarithiwa kama shamba, na sasa inamwagwa ndani ya injini yenye kompyuta.

Lakini hiyo ndiyo sehemu ya upole. Kuna sehemu chafu.

Oili nzito inaficha. Injini iliyochakaa beringi inagonga. Weka oili nzito, inanyamaza kidogo. Injini iliyochoka ringi inatoa moshi wa bluu. Weka oili nzito, moshi unapungua. Taa ya oili iliyokuwa inameta ukisimama kwa foleni, inazima. Ongeza zile chupa za dawa nzito kama asali wanauza kando ya barabara, na kwa wiki moja au mbili una injini inayosikika kama kijana wa jana. Wiki mbili zinatosha kuuza gari.

Ndiyo maana nakasirika nikisikia hii kitu ikiitwa "ushauri". Sentensi ileile ambayo fundi anakupa kwa nia njema ndiyo broka anatumia kukuuzia maiti iliyopakwa mafuta. Na anayenunua ni nani? Ni yule msee wa miaka 23 amechanga na sisi wake, ama amechukua mkopo kwa logbuku, hana pesa ya kupeleka fundi wake akague. Mwenye pesa anaagiza gari yake moja kwa moja kutoka Japan. Aliyesota ndiye anauziwa ukimya.

Kwa hivyo ukienda kuangalia gari, usikubali ikiwa imepashwa moto tayari. Mwambie muuzaji unakuja asubuhi na usiiwashe. Ukifika, weka mkono kwa boneti. Kama ni ya moto, swali la kwanza ni kwa nini. Vuta dipstiki kabla ya kuwasha. Ipake oili katikati ya vidole viwili uone. Oili mpya kabisa, ya dhahabu, kwa gari ambayo muuzaji anasema "sijaishughulikia kitambo" inafaa kukusumbua roho kuliko oili nyeusi. Fungua kifuniko cha oili uchungulie ndani na tochi ya simu. Ukiona kitu kama lami au grisi ya soli ya kiatu, ondoka. Halafu sasa iwashwe, na wewe usimame nyuma kwa bomba la moshi, si mbele ukisikiza redio. Moshi wa bluu ukitoka mara tu inawaka kisha ukapotea, mara nyingi ni sili za valvu. Ukitoka ukikanyaga mafuta barabarani, hapo fikiria ringi, na fikiria pesa.

Na hiyo "imetembea 76,000 tu"? Wacha. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari iliyozidi miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza, na wengi wetu tunanunua zile ziliingia miaka mingi iliyopita. Gari ya 2008 yenye kilomita za gari ya 2020 inakuhitaji uwe na imani ya kuhamisha milima. Lakini kuna kitu kidogo Wajapani hutuachia bila kujua. Gereji za kule hubandika kijistika wakibadilisha oili, mara nyingi kwa fremu ya mlango wa dereva ama chini ya boneti. Kina kilomita na tarehe. Tarehe inaweza kuwa ya hesabu yao: mwaka 25 wa Heisei ni 2013, unajumlisha 1988. Zile za Reiwa unajumlisha 2018. Nimesimama kwa yadi moja hapa mjini nikaona kijistika kinasema oili ilibadilishwa ikiwa na kilomita zaidi ya laki moja, na deshibodi inasema sabini na kitu. Nilipomwonyesha muuzaji alikibandua mbele yangu kwa ukucha. Hakusema hata neno. Kwa hivyo tafuta hicho kijistika, na kama kimebanduliwa tafuta gundi yake.

Sasa tuje kwa herufi, kwa sababu hapa ndipo naona watu wanaibiwa mchana na hawajui. Kila mtu anauliza namba, hakuna anayeuliza herufi. Nyuma ya mtungi, tafuta API. Hiyo ni taasisi ya petroli ya Marekani, ndiyo hupanga viwango vya ubora. Oili ya injini ya petroli inaanza na S, halafu herufi ya pili inapanda alfabeti jinsi kiwango kinavyopanda. SA ndiyo babu, haina viungo vyovyote ndani. API wenyewe wanasema haifai kwa injini nyingi zilizotengenezwa baada ya 1930. Elfu moja mia tisa thelathini. SF, wanasema haifai kwa injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya 1988. SG, baada ya 1993. SJ ilikuja miaka ya tisini, SL 2001, SM 2004, SN 2010, na SP 2020.

Fanya hivi. Ingia duka lolote la spea mtaani, chukua ule mtungi wa 20W-50 wa bei ya chini kabisa, ugeuze. Usishangae ukikuta SF. Hiyo ni oili ambayo wenye viwango walisema iachwe kwa injini za kabla mimi na wewe tuzaliwe, pengine kabla mama yako amalize shule, na inauziwa mtu mwenye Demio ya 2010 kwa jina la "gari yako imezeeka." Gari haijazeeka hivyo, bana. Hiyo oili ndiyo mzee.

Na shida si jina tu. Tofauti ya SF na SN iko kwa vile oili inaosha, inabeba uchafu, na inavumilia joto bila kugeuka lami. Sasa fuata hii hatua kwa hatua. Kwa nini injini ya zamani inakula oili? Mara nyingi, kuna ringi moja ya pistoni ambayo kazi yake ni kukwangua oili kutoka kwa ukuta wa silinda. Ina vitundu vidogo au nafasi za kurudisha oili chini. Oili mbovu iliyokaa sana inaungua hapo, inakuwa kaboni, vitundu vinaziba, ringi inakwama. Oili sasa inabaki kwa ukuta na inaungua na petroli. Moshi. Dawa unayopewa ni gani? Oili nzito, ya bei ya chini, yenye uwezo mdogo wa kuosha. Yaani ringi imekwama kwa sababu ya uchafu, na wewe unaongezewa kinacholeta uchafu. Moshi utapungua mwezi huu na utarudi na ndugu zake.

Kwa hivyo kwa gari ya zamani, herufi ndiyo unafaa kuililia kuliko namba. Injini iliyochoka inahitaji sabuni nzuri zaidi, si blanketi zito zaidi.

"Sasa unasema nisiweke oili nzito hata gari ikinywa lita kila wiki?" Hapana, sijasema hivyo. Nasema pima kwanza. Watu wanasema "inakula oili" kama wanavyosema "nina malaria", bila kupimwa. Egesha mahali tambarare, jaza hadi alama ya juu, andika kilomita, tembea 1,000, angalia tena mahali palepale injini ikiwa katika hali ileile. Rudia. Sasa una namba. Toyota Marekani walipopata kelele za wateja juu ya injini ya 2AZ, ile ya Camry na RAV4 za kati ya 2006 na 2011, mpaka waliouweka ulikuwa kwamota moja ya oili kwa maili 1,200, yaani karibu lita moja kwa kilomita 1,900. Ikizidi hapo, waliikubali kama shida ya injini. Gari yako ikila nusu lita kwa kilomita 2,000, hiyo si kifo, nunua lita ya ziada uweke kwa buti uendelee na maisha.

Kabla hujagusa unene, angalia kama inavuja. Chini ya gari, kando ya kifuniko cha valvu, nyuma karibu na gia. Halafu uliza fundi kuhusu valvu ya PCV. Ni kitu kidogo cha plastiki au chuma kinachopumulisha injini. Kikiziba, presha inasukuma oili hadi inavuja au inaungua. Ni bei ya chini, ni kazi ya dakika chache, na karibu hakuna anayeitaja, kwa sababu hakuna faida ya kubadilisha kitu kidogo hivyo.

Ukishafanya hayo na bado inakula, sasa panda ngazi moja. Moja. Kutoka 5W-30 nenda 5W-40 au 10W-40, yenye herufi SN au SP. Angalia tena baada ya kilomita 1,000. Huo ni uamuzi wa mtu anayejua anachofanya: umekubali injini imechakaa, umepima, unanunua muda. Kuruka kutoka 5W-30 hadi 20W-50 kwa sababu ya namba ya deshibodi ni kama kumpa babu viatu vya saizi kumi na mbili kwa sababu amefikisha miaka themanini.

Kuna pia zile oili zimeandikwa ni za magari yaliyotembea sana. Si utapeli, ingawa jina linasikika kama utapeli. Valvoline ndio walianza nazo mwaka 2000, na siku hizi kampuni kadhaa kubwa wanazo. Kawaida zinalenga gari iliyopita maili 75,000, kama kilomita 120,000, na zina viungo vya kulainisha sili zilizokauka pamoja na sabuni zaidi. Angalia: zinauzwa hata kwa 5W-30. Watu wa maabara walipoamua kutengeneza oili ya gari nzee, hawakukimbilia uji. Kama unaipata kwa bei unayoweza na gari inatoa jasho la oili kidogo, jaribu. Kama huipati, SP ya kawaida ya kijitabu inatosha kabisa.

Sintetiki nayo ina uvumi wake: "usiweke sintetiki gari ya zamani, itavuja." Sintetiki za mwanzo, miaka ya sabini, zilikuwa na ugomvi na sili za wakati huo, na hadithi haikufa. Za leo hazitoboi sili. Kinachoweza kutokea ni oili nzuri kuosha uchafu uliokuwa umeziba mahali palipokuwa pameshapasuka. Shimo lilikuwepo. Ulikuwa umelizibia na taka.

Oili feki siwezi kuruka, maana unaweza kusoma haya yote halafu ununue maji ya dhahabu kwa mtungi wa kampuni kubwa. Mitungi iliyotumika inaokotwa na kujazwa tena, kila mtu anajua. Nunua kwa kituo cha mafuta au kwa ajenti anayejulikana, kagua muhuri wa kifuniko, na ukimaliza toboa mtungi kwa kisu, ukate na lebo. Fundi akisema "niachie mtungi boss, nitatumia kuwekea maji," mpe uliotobolewa awekee hayo maji.

Kuhusu kubadilisha kila baada ya kilomita 5,000, hapo sina ugomvi na mafundi kabisa. Kijapani wanasema 15,000 au mwaka mmoja kwa magari mengi ya petroli, na nusu ya hapo kwa matumizi magumu. Vumbi la Kitengela, foleni ya Mombasa Road ukisonga mita kumi kwa dakika kumi, safari fupifupi za kupeleka mzigo: hayo ndiyo matumizi magumu yenyewe. Kwa injini iliyochoka, 5,000 ni sawa. Ila usidanganywe kwamba ukibadilisha mapema, SF inageuka SP.

Na pesa, kwa sababu najua hapo ndipo mtasimama: "Wewe unaongea SP, mimi nina msoto." Sikiza. Hata mtungi mzuri ukiwa mara mbili ya ule wa SF, gawa hiyo tofauti kwa kilomita 5,000. Halafu piga simu gereji tatu uulize bei ya kufungua injini na kuweka ringi, ama ya injini nusu kutoka Japan pamoja na kuifunga, na siku ambazo gari haitakuwa barabarani ikikuletea. Fanya hesabu na bei za mtaa wako, usichukue zangu. Ukishindwa kabisa kununua nzuri, chukua herufi ya juu zaidi unayoweza kwenye namba za kijitabu, uitoe mapema.

Kijitabu kiko kwa dashi, kwa Kijapani, na unaniambia hujui Kijapani. Fungua kamera ya simu kwa programu ya kutafsiri, ielekeze kwa ukurasa wenye jedwali la vipimo, tafuta mahali 0W-20 au 5W-30 imeandikwa, namba hazitafsiriwi. Angalia pia juu ya kifuniko cha kumiminia oili, magari mengi yameandikwa hapo. Kisha uende gereji na oili yako mkononi, usimame hapo ikimiminwa, na fundi akianza ile sentensi yake, mwonyeshe kifuniko na umuulize kilomita zimeandikwa wapi.